Sinki la kufulia linashusha maji polepole? Anzia nje

Nyumba nyingi za zamani Moshi, kuanzia Shanty Town hadi Majengo, bado zina bomba la chuma la inchi moja na nusu kwenye sinki la kufulia. Bomba hilo haliibuki siku moja likaziba. Mafuta ya sabuni ya mche hugandia kwenye kutu, nyuzi za mablanketi hunasa humo, kisha tope la nguo za shamba hukaza vyote. Njia inabana mwezi baada ya mwezi.

Kabla ya kushika spana, jua pameziba wapi. Jaza sinki nusu, chomoa kizibo, halafu toka nje uangalie gali trapu, kile kishimo chenye wavu ambamo maji ya sinki humwagikia. Maji yakijaa pale na kusimama, usihangaike na sinki. Vaa glavu, chota mchanga na matope, kisha funua chemba ya kwanza, kile kishimo chenye mfuniko kwenye njia ya maji taka. Ikiwa kavu, njia imeziba kati ya gali trapu na chemba hiyo, na kwenye mabomba ya udongo wa kuchoma mara nyingi ni mizizi iliyopenya kwenye maungio. Chemba zote zikiwa zimejaa, huenda shimo la maji taka ndilo limejaa na unahitaji gari la kunyonya. Lakini maji yakifika gali trapu kwa mkondo mwembamba bila kujaa, kizuizi kiko kati ya hapo na sinki, na hiyo ni kazi unayoiweza mwenyewe.

Weka ndoo chini ya trapu, ile kona ya bomba iliyo chini ya sinki, na ulegeze nati zake mbili. Za plastiki hufunguka kwa mkono. Za chuma zinataka paipu renchi mbili: moja izungushe nati, nyingine ishikilie bomba la juu lisigeuke. Wengi huacha hiyo ya pili, wakapasua sinki pale kwenye tundu. Sugua trapu kwa brashi na sabuni. Washa, ile pete ya mpira iliyo ndani ya nati, ikiwa imekakamaa au kupasuka, badilisha. Usizungushie tepu kwenye meno ya nati hizi. Kinachozuia maji ni washa.

Trapu ikiwa bado nje, ingiza waya wa springi wa kuzibulia kwenye bomba linaloingia ukutani. Ukigota, zungusha kuelekea kulia huku ukisukuma taratibu, vuta, futa uchafu, rudia. Usizungushe kinyume, springi itafumuka. Uji wa kijivu wenye nyuzi ndio unaoutafuta. Yakitoka magamba mazito ya kutu, acha kulazimisha: bomba limeliwa na waya unaweza kulitoboa. Hapo dawa ni bomba jipya la PVC la inchi 2, lililalie kuelekea nje kwa sentimita 2 kila mita. Mlalo ukiwa mdogo kuliko huo, nyuzi na tope hutuama.

Rudisha trapu, mimina ndoo mbili za maji ya moto yasiyochemka, maana yanayotokota hulegeza plastiki na yanaweza kupasua sinki la kauri. Pitisha tishu kavu kuzunguka kila nati. Ikilowa, kaza robo mzunguko.

Kostiki soda, ile kemikali kali ya kuzibulia mabomba, tunaikataa kabisa. Huchemka ikikutana na maji, na isipozibua hubaki bombani ikimsubiri atakayefungua trapu, imuunguze macho na mikono. Kama sinki linakoroma kila linapomaliza maji ingawa bomba ni safi, linakosa hewa. Mwombe fundi aweke bomba la kupumulia.

Baada ya hapo, weka kichujio chenye matundu madogo kwenye tundu la sinki, na nguo za shamba zisuuzie kwanza kwenye beseni. Tope likituama chini, mwaga maji ya juu sinkini na tope lenyewe kwenye migomba.