Kushuka mto Tana kwa boti la mpira mkiwa kundi la marafiki, Sagana

Mwongozo huu ni wa kundi lililokodi au kuazima maboti yake na lenye angalau mtu mmoja anayekijua kipande hicho cha mto kwa kukipita, si kwa kukitazama kwenye video. Kama hamna mtu huyo, lipieni waongozaji wa Sagana wawashushe, kisha huu someni kwa faida yenu. Chakula, mahema na muziki mtajipangia wenyewe.

1. Siku

Januari na Februari, na tena Agosti na Septemba, Tana huwa imepungua na mawe yanaonekana. Masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba huujaza. Hata kiangazi, jua la Sagana lisiwadanganye: maji haya yanashuka kutoka Aberdare na Mlima Kenya, na mvua iliyonyesha huko usiku inawafikia mkiwa mmesimama pakavu. Mkifika, chomekeni kijiti pale maji yanapogusa ukingo, kisha mwendelee kupakua mizigo. Baada ya nusu saa kijiti kikiwa ndani ya maji, au mto umekuwa rangi ya chai ya maziwa na unabeba matawi, rudisheni boti garini.

Mikondo ya kasi hupangwa kwa madaraja, 1 (rahisi kabisa) hadi 6 (ya hatari kabisa). Sagana kuna vipande vya 2 na 3, na vingine vinavyofika 4 na 5. Kundi geni libaki 2 na 3, hata kama kuna mmoja anayejidai.

2. Magari

Shusheni watu na mizigo juu mnakoanzia, madereva wapeleke magari yote chini mnakotokea, kisha warudi na gari moja. Kama mnaweza kukodi Probox ya hapo kijijini iwarudishe madereva, fanyeni hivyo, maana gari la kubaki juu ndilo linalowalazimu kupanda tena jioni mkiwa mmelowa. Ufunguo wa gari la chini unasafiri nanyi mtoni, ndani ya mfuko usiopitisha maji, umefungwa kwenye boti kwa kulabu ya chuma inayojifunga. Hakikisheni mkiushika kwa mkono kabla ya kuondoka. Mahali unaposahaulika ni mfuko wa suruali iliyobaki juu.

3. Kujaza hewa

Hapa ndipo asubuhi nzima hupotea, na ndipo boti huharibika.

Boti la futi 14 hubeba watu sita na nahodha. Kwa kawaida lina vyumba vinne vya hewa pembeni, mito ya hewa ya kukatiza katikati, na sakafu yake peke yake. Anzeni na vali, yaani midomo ya kujazia hewa. Nyingi zina kitufe katikati: kikiwa kimezama, vali iko wazi, na hewa yote mnayopampu itatoka mara mtakapochomoa mpira wa pampu. Kibonyezeni, mkizungushe, kiinuke. Kikiinuka, kiguseni kidogo: kitoe hewa kisha kijifunge chenyewe.

Msijaze chumba kimoja hadi mwisho ndipo muende kingine. Kati ya chumba na chumba kuna ukuta wa kitambaa, na upande mmoja ukiwa umejaa na wa pili mtupu, ukuta huo hunyooka kupita kiasi na kuachia kwenye maungio. Kwa nje hamtaona kitu. Mtagundua siku chumba kimoja kitakapotoboka na cha jirani kikalegea pamoja nacho. Zungukeni: kila chumba nusu, kisha kila kimoja hadi mwisho.

Kipimo cha kawaida cha vyumba vya pembeni ni psi 2.5 (psi ni kipimo cha shinikizo la hewa), lakini fuateni kilichoandikwa kwenye boti lenu. Nunueni kipimahewa, kupiga kwa kiganja na kusikiliza mlio ni kubahatisha. Sakafu nyingi zina vali inayoachia hewa yenyewe, kwa hiyo ikianza kulia acheni.

Tatizo ni joto. Boti lililojazwa psi 2.5 kwenye baridi ya asubuhi, nyuzi 20, likiachwa juani hadi mpira ufike nyuzi 50, hufika karibu psi 4. Maungio hayakutengenezewa hilo. Kinyume chake, mkilijaza likiwa limechemka kisha mkalitia majini, hulegea, na boti lililolegea hujikunja kwenye wimbi na kung'ang'ania miamba. Kwa hiyo: nchi kavu lijazeni hadi psi 1.5 tu, lipate umbo. Lisukumeni kwenye maji ya kina kifupi, mlimwagie maji juu, msubiri dakika kumi, ndipo mmalizie hadi 2.5. Mkisimama kula, liacheni kivulini au nusu majini. Pasipo kivuli, punguzeni hewa kidogo na mkumbuke kuirudisha.

Pampu: ya mkono, ile ndefu ya kusimama inayosukuma hewa ikipanda na ikishuka. Ya umeme wa gari inafaa kuanzia, lakini nyingi hujaza bila kukaza. Ya mguu iacheni kwa magodoro. Kompresa ya matairi isikaribie boti.

Likilegea bila sababu, msikimbilie gundi. Mwagieni vali maji ya sabuni kwanza. Mara nyingi ni mchanga umekaa chini ya kitufe. Osheni, kisha kazeni. Tundu la kweli kwenye boti la PVC (aina ya plastiki) halikubali gundi ya viraka vya baiskeli. Linataka gundi ya PVC, msasa, na kiraka kinachozidi tundu kwa sentimita 5 kila upande, halafu saa 24 kabla ya kujaza kikamilifu. Mtoni, kausheni, mbandike utepe, mtoke kwenye ukingo wa karibu.

4. Mavazi

Jaketi la kuokoa maisha liwe la povu, likazwe kuanzia kiunoni kwenda juu, kisha mwenzako akuvute kwa mabega. Likifika masikioni, legeza na uanze upya, au badilisha saizi. Helmeti kila mtu. Viatu vya kufunga. Malapa yanabaki garini. Shati la pamba hukaa na maji na kukupoza.

5. Amri

Ketini kwenye ukingo wa boti, mguu umechomekwa chini ya mto wa hewa wa mbele yenu. Mkono mmoja ubaki daima kwenye kichwa cha kafi, maana kikiachwa hung'oa meno ya jirani. Amri: mbele, nyuma, simama (acheni kupiga kafi), chini (ingieni ndani ya boti), mwambani. Hiyo ya mwisho ifanyieni mazoezi pakavu. Boti likigonga mwamba kwa ubavu, mwili hutaka kukimbia upande wa pili, na uzito ukienda huko maji hupanda juu ya boti na kulipindua. Rukieni upande wa mwamba, wote, papo hapo.

6. Mtu akianguka

Alale chali, miguu mbele na juu, vidole vya miguu vionekane. Asisimame hadi maji yawe chini ya magoti: mguu ukinaswa kati ya mawe, mkondo humlaza kifudifudi. Akiona mti uliolala majini, ageuke tumboni aogelee kwa nguvu kuukwepa, asipoweza, aupande. Kamba ya kurusha, mita 15 hadi 20, ilenge kifua chake, naye aishike kamba yenyewe, asijizungushie mkononi. Shukeni na boti mbili, moja ikisubiri chini ya kila mkondo.

7. Kutoka

Osheni vali kwanza, kausheni boti kabla ya kulikunja, la sivyo litaota ukungu. Mwea jirani kuna kichocho, na maji haya si ya bomba: baada ya wiki sita hadi nane, kila mtu apimwe, hata asiye na dalili.