Kabla mwanao hajaripoti chuoni: pombe, muguka na vidonge

Barua ya chuo ikifika, watu hukimbilia kununua godoro na sanduku. Nunueni, lakini kuna mengine.

Hosteli ikagueni usiku. Nyumba za kupanga za Tudor na Kisauni, hapa Mombasa, asubuhi zote huwa safi. Rudini saa tatu usiku muone nani amekaa ngazini na maskani ya jirani yanauza nini. Pesa za matumizi tumeni kwa wiki, si za muhula mzima kwa mpigo. Sheria inamruhusu kununua pombe akitimiza miaka 18, kwa hiyo msitegemee mwenye duka amzuie.

Muguka, yale majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, mwelezeni bila kumtisha. Wengi huuanza wakati wa mitihani ili wakeshe wakisoma. Usingizi ukigoma, hutafuta cha kuwalaza: pombe kali, au vidonge vya bugizi, yaani vya usingizi vikali vinavyouzwa mitaani. Vikichanganywa ndiyo hatari kubwa, maana vyote viwili hupunguza pumzi.

Lakini kubwa kuliko yote ni hili. Mtoto wa binamu yangu, mwaka wa pili, alichanganya hivyo chumbani kwa wenzake. Akalala, akaanza kukoroma kwa sauti nzito yenye mapovu. Wenzake wakasema amechoka, mwacheni alale. Mmoja alikuwa na namba ya mamake kwenye simu na hakuipiga, kwa sababu wote walijua baba wa kijana angekuja na kiboko, na chuo kingewafukuza. Wakangoja. Alfajiri midomo imekuwa ya buluu. Hospitalini waliokoa roho, ila leo ukimtuma dukani harudi na alichotumwa. Saa zote hizo, gari lilikuwa la kuita tu.

Basi kabla hajaondoka, mkalishe mwanao umwambie, na rafiki zake wasikie: nipigie saa yoyote, kwa ajili yako au mwenzako, usiku huo sitagomba. Kisha timiza. Wafundisheni pia kwamba aliyelewa asiyeamka akiitwa, anayepumua chini ya mara 8 kwa dakika au anayenyamaza sekunde 10 kabla ya pumzi nyingine, si wa kuachwa alale. Alazwe ubavu, asiachwe peke yake, akimbizwe hospitali. Maziwa msimnyweshe, wala maji baridi msimmwagie, atapaliwa bure.

Namba ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, haina malipo, iandikeni kwenye simu yake na zenu.

Akiwa ameshazama, msimfungie chumbani mkidhani arosto, yale mateso ya kukosa dawa aliyoizoea, itampita. Anayetumia unga, yaani heroini, ana tiba ya methadoni hapa hapa Mombasa. Mnywaji wa kila siku naye akikatizwa ghafla anaweza kupata degedege, kwa hiyo daktari kwanza. Vidonge vya usingizi vya bibi navyo vifungieni kabati. Na dawa ya kikohozi yenye kodeini pia.