SOMO: Ukikuta mbwa au paka ametelekezwa mtaani, mambo ya kufanya hatua kwa hatua

Habarini wadau. Swali linaloulizwa sana humu ni "nimeona mbwa kakonda kafungwa mnyororo kwa jirani, nifanyeje?" na majibu yanayomiminika ni ya hasira, mara mvamie, mara mwibe usiku, mara mpige picha umwanike mwenye mbwa. Hasira naielewa kabisa, mnyama anayeteseka huku anakuangalia anauma roho. Lakini msaada wa pupa unaweza kumuua mnyama, tena mapema kuliko ile njaa yenyewe, ndo maana naomba msome hadi chini.

HATUA YA 1: Tazama kwanza
Usimguse bado. Mbwa mwembamba sio lazima awe katelekezwa, anaweza kuwa ananyonyesha, ni mzee, ana minyoo, au ni wa mtaa mzima na kuna watu wanamlisha, kwa hiyo uliza majirani. Paka wa mtaani akiwa na sikio moja limekatwa ncha vizuri, huyo mara nyingi keshahasiwa na karudishwa kwao makusudi, kama ana afya muache.
Dalili za kutelekezwa ni hizi: mbavu, nyonga na uti wa mgongo unaviona ukiwa mbali, manyoya yamenyonyoka na ngozi ina magamba, kucha zimejikunja, kola imezama kwenye nyama ya shingo kwa sababu alifungwa akiwa mdogo na hakuna aliyeilegeza, bakuli kavu, hakuna kivuli, analala juu ya kinyesi chake. Hakuna haja ya mtu kumpiga ndo useme anateswa, kutomjali tu kunatosha.

HATUA YA 2: Usalama wako
Kichaa cha mbwa sio cha kubahatisha. Dalili zikishaanza kwa binadamu karibu kila mtu anakufa, na mpaka asilimia 99 ya watu wanaoupata wameambukizwa na mbwa. Mnyama anayetoa mate hovyo, taya limelegea, anayumba, sauti imebadilika, au alikuwa mkali ghafla kawa mpole kupita kiasi, kaa mbali waite wataalamu. Kama ni wa kawaida, msogelee kwa ubavu, usimkazie macho, usimpitishie mkono juu ya kichwa. Ukiumwa au ukikwaruzwa osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, usipake kitu chochote cha jikoni, nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama kidonda ni kidogo.

HATUA YA 3: Ushahidi
Piga picha na video siku tofauti tofauti, ioneshe bakuli, urefu wa mnyororo, mahali anapolala, andika tarehe na saa. Usiziposti! Mwenye mnyama akijiona mtandaoni kitu cha kwanza anachofanya ni kumficha au kwenda kumtupa mbali na hapo umempoteza. Peleka kwa ofisi ya mifugo ya eneo lako au polisi. Shelta, yaani vile vituo vinavyopokea wanyama waliookolewa, sehemu nyingi hazina mamlaka ya kuingia kwa mtu na kumchukua mnyama wake, wanaweza kukushauri na kumpokea tu. Na fuatilia, usiripoti mara moja ukanyamaza. Uingereza walipata sheria ya kuzuia ukatili kwa ng'ombe na farasi mwaka 1822 ila ikabidi 1824 watu waunde chama London kuhakikisha inafuatwa kweli, kwa sababu sheria ikiwa haina mtu wa kuisukuma inabaki karatasi.

HATUA YA 4: Ongea na mwenye mnyama
Kama ni salama. Wengi sio wakatili, kuna aliyelazwa, aliyeishiwa, na kuna asiyejua kabisa kwamba mbwa anahitaji maji muda wote. Usiende na hukumu, nenda na kitu, mwambie "naweza kumletea chakula hizi siku mbili tatu?" au "nikikupa msaada wa chanjo utakubali?" Wengine watakwambia wenyewe mchukue. Mwombe aandike na kusaini kwamba amekupa, itakusaidia kesho akigeuka.

HATUA YA 5: Kumlisha, na hapa ndo naomba mtulie
Mnyama aliyeshinda njaa muda mrefu UKIMPA SAHANI IMEJAA UNAWEZA KUMUUA. Mwili wake umekuwa ukila mafuta na misuli yake wenyewe, madini kama fosfati, potasiamu na magnesiamu yameisha akiba. Sasa ukimjaza chakula ghafla, hasa cha wanga, insulini inapanda na kusukuma yale madini machache yaliyopo kwenye damu yaingie ndani ya seli, damu inabaki tupu, misuli inaishiwa nguvu, moyo unapiga vibaya na anaweza kuanguka ndani ya siku chache za mwanzo, tena ukiwa umeshafurahi kwamba anakula vizuri. Kwa hiyo maji kidogo kidogo, chakula kidogo mara 4 mpaka 6 kwa siku, na daktari wa wanyama ndo akupangie kiasi na kukipandisha. Kama hasimami au kalegea usimlishe nyumbani, mkimbize kwa daktari.
Usimpe mifupa iliyopikwa, vitunguu, zabibu wala chokoleti. Na dawa zenu za maumivu ziacheni kabatini, kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua paka, ibuprofen nayo inaharibu tumbo na figo za mbwa.

HATUA YA 6: Shelta, piga simu kwanza
Shelta nyingi za mjini zimejaa muda wote. Ukipeleka mnyama bila taarifa anaweza kuwekwa karibu na wengine kabla hajapimwa, na parvo, ule ugonjwa wa kirusi wa kutapika na kuharisha damu, ikiingia kwenye watoto wa mbwa wasiochanjwa inawafyeka, kile kirusi kinakaa kwenye mazingira miezi na miezi. Ndo maana mgeni anapimwa, anakaguliwa kama ana chipu (kidude kidogo chini ya ngozi chenye namba ya kumtambua mwenye mnyama), anapewa dawa ya minyoo na viroboto, anachanjwa, anatengwa kama wiki 2, kisha anahasiwa na kutafutiwa familia. Kumuacha kwenye boksi getini usiku ni kumtelekeza mara ya pili.

HATUA YA 7: Mlee kwa muda
Shelta wakikwambia hawana nafasi, waulize "nikimlea mimi mtanisaidia dawa na kumtafutia watu?" Wengi watakubali haraka. Mpe chumba au kona yake, vyombo vyake, usimchanganye na wanyama wako hizo wiki 2, nawa mikono kila ukitoka kwake.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu nimekuta watoto wa paka kwenye mfereji mkavu, mama simuoni, niwabebe?
Jibu: Subiri kwanza ukiwa mbali, mama huwa anaenda kutafuta chakula na akikuona hapo harudi. Nyunyiza unga kidogo kuzunguka walipo, ukirudi baada ya masaa kadhaa utaona nyayo zake. Kama ni wa baridi au wanalia bila kukoma, wachukue, na wapashe joto KABLA ya kuwalisha. Maziwa ya ng'ombe hapana, yanawaharisha, tafuta ya watoto wa paka, mnyweshe akiwa amelala kifudifudi sio chali.

Swali: Sielewi kwanini wanahasi paka halafu wanawarudisha mtaani, si wawaondoe tu?
Jibu: Ukiwaondoa na chakula bado kipo, wengine wanahamia. Paka anabeba mimba kama miezi miwili tu na anaweza kushika nyingine akiwa bado ananyonyesha, jike la miezi minne tayari linaweza kupata. Waliohasiwa wanabaki pale pale, hawazai, na kelele za usiku zinapungua.

Swali: Dada samahani, nahama na nyumba mpya hawataki mbwa. Nimuache kwa mlinzi?
Jibu: Usimuache kwa mtu asiyemtaka ndugu yangu. Anza kumtafutia mtu mapema kabla hujafunga mizigo, muhasi, kamilisha chanjo na cheti kiende naye. Sema ukweli wa tabia zake, kama anauma watoto sema, ukificha atarudishwa au atatupwa. Mtembelee huyo mtu kwake kabla hujamkabidhi.

Swali: Nitajuaje shelta ni ya kweli? Kuna mama mtaani kwetu ana paka wengi mno na anaomba michango.
Jibu: Omba kuingia mpaka nyuma walipo wagonjwa. Uliza daktari wao nani, wagonjwa wanatengwa wapi, wanahasi wote, na wangapi wametoka kwenda kwenye familia mwaka huu, na uulize pia lini wanamlaza mnyama moja kwa moja, yaani kumchoma sindano afe bila maumivu, na nani anaamua. Anayepokea kila siku na hakuna anayetoka, hata kama anawapenda kwa dhati, wale wanyama wataishia hali ile ile ya hatua ya 1. Huyo mama usimchome mtandaoni, mpelekee daktari na mtu wa kumsaidia kuhasi, michango yako ilipie hiyo kazi moja kwa moja kwa daktari.