Namna ya Kuusikiliza Muziki wa Kielektroniki wa Ujerumani wa Miaka ya 1970

Muziki wa kielektroniki uliotungwa Ujerumani Magharibi kuanzia mwaka 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 haujawahi kukosa wasikilizaji, na hadi leo vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati huo wanaendelea kuutafuta. Hata hivyo, wengi wanaoujaribu kwa mara ya kwanza huishia njiani kwa sababu huusikiliza kama wimbo wa kawaida: husubiri mwimbaji aingie, kisha kiitikio, na hayo yakichelewa au yasipokuja kabisa, huhitimisha kwamba hamna kitu. Mwongozo huu unaeleza njia ninayoiamini, ambayo ni kuanza na kazi chache, kuzisikiliza nzima, na kujua katika kila moja sikio lielekezwe wapi. Ninaamini kwamba muziki huu umedumu kwa sababu watunzi wake walichagua sauti chache, wakazipa muda mrefu wa kukua, na wakaacha mkono wa binadamu uonekane kando ya mashine. Mambo hayo matatu hayasikiki kwa kuonja dakika moja.

Kwanza kabisa, usiusikilize kupitia spika ndogo ya simu. Sehemu kubwa ya kinachotendeka humo kiko katika besi, na spika ndogo haiwezi kuitoa, hivyo unabaki na sauti nyembamba za juu zinazochosha upesi. Tumia visikizi vizuri vya masikioni au spika mbili zilizotenganishwa, kwa sababu wanamuziki hawa walifanya kazi kwa uangalifu mkubwa kuzigawa sauti kati ya upande wa kushoto na wa kulia. Tenga pia muda wa kutosha. Vipande vingi vinajaza upande mzima wa santuri, na ukivikatiza katikati utakuwa umeondoka kabla ya jambo lenyewe kutokea.

Anza na albamu ya Autobahn ya kundi la Kraftwerk, iliyotoka mwaka 1974. Kundi hili lilianzishwa Düsseldorf mwaka 1970 na Ralf Hütter na Florian Schneider, wanafunzi wa muziki waliozaliwa mara tu baada ya vita, mmoja mwaka 1946 na mwenzake mwaka 1947. Kizazi chao kilikua kikizungukwa na muziki wa Marekani na Uingereza kwa upande mmoja, na nyimbo tamu za mapenzi za Kijerumani kwa upande mwingine, na wengi wao hawakujiona katika huo wala katika hizo. Autobahn ni jibu lao: wanaimba kwa Kijerumani, kwa maneno machache mno, kuhusu barabara kuu ya nchi yao. Kipande chenye jina hilo kina zaidi ya dakika 22. Lipo toleo la dakika tatu hivi lililokatwa kwa ajili ya redio, na ndilo lililofika nafasi ya 25 katika chati ya Marekani mwaka 1975, lakini liache kwa sasa, maana limebakiza wimbo na kuitupa safari.

Mara ya kwanza, fuata safari tu. Utasikia mlango wa gari ukifungwa, injini ikiwashwa, honi ikipigwa, kisha mdundo unaingia na kukaa. Mara ya pili, shikilia besi peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, uone inavyoendelea huku kila kitu kilicho juu yake kikija na kuondoka. Mara ya tatu, tafuta sauti zisizo za kielektroniki, maana zipo: filimbi ya Schneider inapita humo, na gitaa pia. Hapo ndipo utakapogundua jambo ambalo watu wengi hawalitarajii, kwamba rekodi hii inayotajwa kuwa mwanzo wa muziki wa mashine imejaa vidole na pumzi. Kundi lenyewe lilijiundia vifaa vya kupigia mdundo wa kielektroniki, vibao vilivyotoa sauti vilipoguswa kwa fimbo za chuma, kwa hiyo hata pale ngoma inaposikika kama ya mashine, mara nyingi aliyekuwa akiipiga ni mtu.

Ukishaizoea Autobahn, nenda kwenye albamu yao ya Trans Europa Express ya mwaka 1977. Hapa kundi lina watu wanne, Wolfgang Flür na Karl Bartos wakiwa wamejiunga, na sauti imesafishwa zaidi. Jina linatokana na mtandao wa treni za daraja la kwanza ulioanza mwaka 1957 kuunganisha miji ya Ulaya Magharibi, na mdundo wa kipande kikuu ni mwendo wa treni juu ya reli. Kisikilize pamoja na kinachofuata, Metall auf Metall, bila kusimamisha, maana vimeungana. Katika hicho cha pili maneno na muziki wa juu vinaondolewa, na kinachobaki ni chuma kikigongwa juu ya mdundo uleule. Zingatia jinsi kila pigo lilivyopewa nafasi yake: hakuna sauti inayoifunika nyingine, na ukimya kati ya mapigo una uzito sawa na mapigo yenyewe. Nguvu ya kipande hicho ilithibitishwa hata mahakamani. Sekunde mbili zake zilinakiliwa katika wimbo wa hip hop wa Kijerumani wa mwaka 1997, na kesi iliyofuata ilidumu miaka mingi, ikafika hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, iliyotoa uamuzi wake mwaka 2019. Watu hawapigani kwa miongo miwili juu ya sekunde mbili zisizo na kitu.

Lazima niseme neno kuhusu matoleo, kwa kuwa hapa wanunuzi wengi huchanganyikiwa. Albamu kuu za Kraftwerk za kuanzia mwaka 1977 hadi 1981 zilitoka kwa Kijerumani na kwa Kiingereza. Ningekushauri uchague za Kijerumani, hata kama huelewi lugha hiyo, kwa sababu silabi zake fupi na kali zinashikana na mdundo vizuri zaidi. The Mix ya mwaka 1991 ni nyimbo za zamani zilizorekodiwa upya, na 3-D The Catalogue ya mwaka 2017 inatokana na maonyesho yao ya jukwaani. Zote ni kazi nzuri, lakini si mahali pa kuanzia. Unachokitaka ni albamu zenyewe, na zile zilizosafishwa na kutolewa upya mwaka 2009 zinafaa kabisa. Albamu zao tatu za kwanza, za mwaka 1970 hadi 1973, hazikutolewa tena rasmi, hivyo nakala mpya utakazoziona zikiuzwa kwa kawaida si halali.

Baada ya Düsseldorf, elekea Berlin, na uwe tayari kubadili namna ya kusikiliza. Vipande vingi vya Kraftwerk ni vifupi, safi na vina maneno. Watu wa Berlin waliacha maneno, wakaacha hata wimbo wenyewe, wakabaki na sauti zinazobadilika polepole. Mlango wa kuingilia ni Phaedra ya Tangerine Dream, kundi lililoanzishwa na Edgar Froese mwaka 1967. Albamu hiyo ilirekodiwa Uingereza mwishoni mwa mwaka 1973 na kutoka mwaka 1974, Froese akiwa na Christopher Franke na Peter Baumann. Kiini chake ni sikwensa, yaani kifaa kinachoshika msururu wa noti na kuurudia bila kuchoka huku mwanamuziki akiwa huru kugeuza vibonye na kuibadilisha rangi ya sauti.

Katika kipande cha kwanza, cha takribani dakika 17, usitafute wimbo. Ngoja msururu wa noti za chini uingie, kisha uufuate kwa makini, uone unavyong'aa, unavyofifia, unavyoharakishwa na unavyozungukwa na sauti nyingine zinazopita kama upepo. Baada ya muda utahisi kwamba noti zenyewe zinahama kidogo kutoka mahali pake. Sintesaiza za Moog za wakati huo, yaani mitambo inayozalisha sauti kwa umeme, hazikuwa imara, na tuni yake ilibadilika kadiri mashine ilivyopata joto. Badala ya kuifuta rekodi, waliibakiza. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote katika albamu nzima, na ndiyo sababu nakala nyingi zilizotengenezwa baadaye kwa kompyuta, ambazo tuni yake haitikisiki, hazina uhai wake. Kipande cha pili kinaongozwa na melotroni ya Froese, kinanda ambacho kila kibonye chake huchezesha kanda iliyorekodiwa, na ukikisikiliza usiku chumba kikiwa kimya utaelewa kwa nini watengenezaji wa filamu walilitafuta kundi hili katika miaka iliyofuata.

Phaedra ikikugusa, inayofuata ni Timewind ya Klaus Schulze ya mwaka 1975. Schulze alikuwa mpiga ngoma katika albamu ya kwanza ya Tangerine Dream kabla ya kujitegemea, na Timewind ina vipande viwili tu, kila kimoja kikiwa na karibu nusu saa. Isipokugusa, usijilazimishe, geukia upande mwingine.

Upande huo ni wa wale wanaoona mashine ni baridi mno. Michael Rother na Klaus Dinger, ambao walipitia Kraftwerk kwa muda mfupi katika siku zake za mwanzo, waliondoka wakaunda Neu!, na albamu yao ya kwanza ya mwaka 1972 inafunguliwa na Hallogallo, kipande cha dakika kumi hivi chenye ngoma na gitaa. Dinger anapiga mdundo ulionyooka, usio na mbwembwe, ambao haupandi wala haushuki, na gitaa za Rother zinaelea juu yake. Sikiliza ngoma hiyo mara tu baada ya sikwensa ya Phaedra, nawe utaona kwamba wazo ni lilelile: urudiaji unaomwachia msikilizaji nafasi ya kuona mabadiliko madogo. Tofauti ni kwamba hapa anayerudia ni mtu, mwenye misuli inayochoka. Rother baadaye alijiunga na Hans-Joachim Roedelius na Dieter Moebius wa kundi la Cluster katika kijiji cha Forst wakaunda Harmonia, na mwanamuziki wa Uingereza Brian Eno aliwafuata huko mwaka 1976. Zuckerzeit ya Cluster, ya mwaka 1974, ina vipande vifupi vyenye uchangamfu, na humfaa asiyekuwa na nusu saa ya kutoa.

Ukitaka uzi unaoyaunganisha makundi haya, tazama jina la Conny Plank katika majalada. Fundi huyu wa sauti, aliyekuwa na studio yake karibu na Cologne na aliyefariki mwaka 1987, alishiriki katika Autobahn, katika albamu za Neu! na katika kazi nyingi za Cluster, na hewa unayoisikia kati ya ala moja na nyingine kwa kiasi kikubwa ni kazi yake.

Ni hapo tu, masikio yakishazoea, ndipo ninapopendekeza kurudi nyuma. Redio ya WDR ya Cologne ilikuwa na studio ya muziki wa kielektroniki tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, na humo mtunzi Karlheinz Stockhausen alitunga Gesang der Jünglinge, uliosikika hadharani kwa mara ya kwanza mwaka 1956. Una dakika 13 hivi, na umeundwa kwa sauti ya mvulana anayeimba maneno ya vijana watatu wa Biblia waliotupwa katika tanuru, iliyokatwakatwa kwenye kanda na kuchanganywa na sauti zilizozalishwa na mitambo. Si rahisi, wala haukukusudiwa kuwa rahisi. Fuata sauti ya mvulana, uangalie ni lini neno linaeleweka na ni lini linayeyuka na kuwa mlio mtupu. Irmin Schmidt na Holger Czukay, walioanzisha kundi la Can huko Cologne mwaka 1968, walikuwa wanafunzi wa Stockhausen, kwa hiyo njia kutoka maabara hadi jukwaani haikuwa ndefu.

Mwisho, sikiliza kwa jozi ili uone muziki huu ulikwenda wapi. Cheza Trans Europa Express na Nummern, iliyomo katika albamu ya Computerwelt ya mwaka 1981, kisha Planet Rock ya mwanamuziki wa hip hop Afrika Bambaataa ya mwaka 1982. Vijana Weusi wa New York walichukua melodi ya ile ya kwanza na mdundo wa ile ya pili wakaunda kitu chao. Huko Detroit, mtangazaji aliyejiita The Electrifying Mojo alikuwa akiipiga Kraftwerk redioni, na miongoni mwa waliomsikiliza walikuwa vijana walioianzisha tekno, aina ya muziki wa dansi wa kielektroniki, akiwemo Juan Atkins. Jozi ya pili ni E2-E4 ya Manuel Göttsching na wimbo wa Sueño Latino wa mwaka 1989 ulioinakili. Göttsching alirekodi E2-E4 peke yake mjini Berlin Desemba 1981, kwa mkupuo mmoja wa karibu saa nzima, ikatoka mwaka 1984. Nusu ya kwanza ni sintesaiza zinazozunguka juu ya makundi mawili tu ya noti zinazopigwa pamoja, kisha gitaa linaingia. Ukiisikiliza, usiruke kwenda moja kwa moja kwenye gitaa: linasikika kama lilivyo kwa sababu umelisubiri kwa zaidi ya dakika 25.