Kutembea Sipi bila kiongozi

Ukienda Sipi, kule Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, kuzunguka kwa miguu mwenyewe kwenye miteremko ya Mlima Elgon, toka asubuhi na mapema. Mvua ya huko hupenda kushuka alasiri, na udongo ukishalowa huteleza vibaya, hasa njia ya kuteremkia chini ya poromoko kubwa la maji, lenye kimo cha karibu mita 100. Desemba hadi Februari ndiyo miezi ninayoipenda zaidi, njia zimekauka. Beba noti ndogondogo: vijia vingi hukatiza mashamba ya kahawa na migomba, na wenyewe huomba kiingilio kidogo. Salimia kwanza, kisha lipa bila kununa. Ramani ipakue ukiwa bado mjini Mbale. Ila ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon yenyewe, lazima uongozane na askari wa wanyamapori.