Somo: Mwaridi na majirani zake, kuanzia shimo hadi mkasi

Karibuni darasani. Wengi wanaonionyesha majani ya mwaridi yenye madoa meusi huuliza wapulize dawa gani. Mimi huanza kwa kuuliza mmea umezungukwa na nini, na unamwagiliwa saa ngapi. Vimelea vya madoa meusi huhitaji jani libaki limelowa takriban saa 7 mfululizo ndipo viingie. Jani likikauka kabla ya hapo, vimekosa mlango. Kwa hiyo karibu kila hatua hapa chini inatafuta jambo lile lile: mizizi iwe na unyevu, majani yawe makavu.

Hatua ya 1: Mahali. Jua la moja kwa moja lisipungue saa 6. Kama huna budi kuchagua, chukua jua la asubuhi maana ndilo linalokausha umande. Usipande mahali palipong'olewa mwaridi mwingine karibuni, mche mpya hudumaa hapo. Ukikosa nafasi nyingine, toa udongo wote wa zamani kwa upana na kina cha sentimita 45 au zaidi, ujaze wa upande mwingine wa bustani.

Hatua ya 2: Shimo. Chimba sentimita 45 hadi 60, kisha lijaze maji na usubiri. Maji yakikaa kwa saa nyingi bila kunywea, pandia juu ya tuta. Changanya udongo na mboji au samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Tazama fundo lililo chini ya shina, pale mche ulipobebeshwa, yaani tawi la mwaridi mmoja lilipounganishwa na shina la mwingine lenye mizizi. Kwenye baridi ya kugandisha ardhi, lizike sentimita 5 au zaidi kwenda chini. Kwenye joto, liache usawa wa udongo au juu yake kidogo.

Hatua ya 3: Maji. Mwagilia asubuhi, chini kwenye shina, maji mengi mara chache. Kunyunyiza kidogo kila siku kunaizoeza mizizi kukaa juujuu, na siku ukisahau mmea unateseka. Weka matandazo ya unene wa sentimita 5 hadi 8, lakini yasiguse shina.

Hatua ya 4: Majirani. Hapa ndipo pananipendeza, na ndipo wengi wanapokosea. Jirani mwema ana kimo kifupi: anafunika udongo na miguu mitupu ya mwaridi, ila hapandi hadi kiunoni kuziba hewa. Mpe umbali wa sentimita 30 hadi 45 kutoka kwenye shina ili mizizi isigombanie chakula.

Lavenda ndiyo inayosifiwa kuliko zote. Rangi zao zinapatana kweli, lakini tabia hazipatani: lavenda inataka udongo mkavu usio na mbolea nyingi, mwaridi unataka kula na kunywa. Ukizipenda pamoja, iweke lavenda pembeni mwa kitalu, mbali na maji. Mimi nafurahia zaidi nepeta, ambayo ina rangi ya kukaribia hiyo na haisumbui, au salvia fupi. Alisamu, yenye vijiua vyeupe vinavyotambaa, huwaita nzi wa maua, na mabuu ya nzi hao hula vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, kwa wingi. Kitunguu saumu husifiwa kwa kufukuza vidukari. Unaweza kukipanda ukipenda, lakini usikitegemee kama mabuu hayo, walinzi wenye njaa. Ukipuliza sumu kali unawaua walinzi kwanza, na vidukari hurudi mapema kuliko wao.

Hatua ya 5: Mkasi. Uwe mkali na safi. Ondoa kwanza matawi yaliyokufa, yenye ugonjwa na yanayosuguana. Kisha kata juu kidogo ya jicho (kinundu kinapochipukia tawi) linalotazama nje, ili tawi jipya likue kwenda nje na katikati pabaki wazi. Ua likinyauka, shuka hadi kwenye jani imara lenye vijani vitano ukate juu yake. Majani yenye madoa yaliyoanguka yaokote yote.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, wangu hutoa maua mara moja tu kwa mwaka. Niliupogoa vizuri kabla ya msimu na haukutoa hata moja. Nimekosea wapi?
Jibu: Pole, dada. Aina hizo huchanua kwenye matawi ya mwaka uliopita, kwa hiyo ulikata maua kabla hayajazaliwa. Zipogoe mara tu zinapomaliza kuchanua.

Swali: Kuna tawi refu limechomoza chini, majani yake ni tofauti na halina ua. Nilikate?
Jibu: Fukua ulifuate hadi lilikoanzia. Likitoka chini ya fundo, ni la shina lililobebeshewa, na likiachwa litaumeza mmea wako. Ling'oe kwa kulivuta, kwani ukilikata juu litachipua tena.

Swali: Mwaridi wangu unaotambaa huchanua kileleni tu, chini ni miti mitupu.
Jibu: Tawi lililosimama wima hupeleka nguvu zote kwenye ncha. Liinamishe taratibu, ulifunge likiwa limelala, na macho yote ya ubavuni yataamka.

Swali: Majani yamepauka na chini yake kuna utando mwembamba kama wa buibui. Ni ukungu?
Jibu: Huo ni utitiri, ndugu yangu, nao hupenda ukavu na joto. Hapa nakuruhusu kulowesha majani: piga maji kwa nguvu upande wa chini wa jani, asubuhi na mapema, siku ya jua, urudie kila baada ya siku chache hadi utando uishe.