Tairi za pikapu ya mizigo: usinunue kwa saizi tu, soma na namba ya uzito

Wakuu, hii kitu nimeiahirisha kuandika muda mrefu lakini wiki mbili zilizopita imeletwa kijiweni kwangu Tabata dabo kebini moja imekokotwa, tairi ya nyuma kushoto kashata (ule mpira wa juu wenye michoro unaokanyaga barabara) imebanduka yote imebaki waya. Gari ilitoka Mkuranga na maboksi ya tailizi inaelekea Tegeta, ikabasti Kilwa Road, bahati spidi ilikuwa ndogo. Mwenye gari analia tairi ina miezi mitatu tu na saizi ni ileile iliyokuja na gari, 265/65R17, na kweli saizi ilikuwa sahihi.

Nikaivua kwenye rimu. Ukainua tu ikamwaga unga mweusi wa mpira, mwingi, kama pumba za mkaa, na ukipitisha kidole kwa ndani ubavuni unakuta mfereji umezunguka duara zima. Ukiona hivyo jua ule ubavu ulikuwa unakunjika na kujisaga siku nyingi sana kabla haijapasuka. Tairi ilikuwa ya gari ya kutembelea, imevalishwa gari inayobeba tani, na upepo wake ni wa gari tupu. Aliyemuuzia aliangalia saizi na kashata akamaliza, hakumuuliza unabeba nini.

Kwa hiyo twende taratibu, hivi ndo nafanya mimi mteja akija.

Hatua ya 1: fungua mlango wa dereva usome kibati

Pale kwenye nguzo ya mlango kuna kibati au stika, inakwambia saizi ya tairi, upepo wa mbele na nyuma, gari nyingine inatenganisha gari tupu na gari yenye mzigo. Hata kama imeandikwa Kijapani tarakimu zinasomeka. Ikiwa upepo umeandikwa kwa kPa badala ya psi usichanganyikiwe, 240 kPa ni kama 35 psi na 450 kPa ni 65 psi. Tafuta pia uzito wa juu wa gari pamoja na mzigo, ikiwemo uzito wa juu wa kila ekseli kama upo. Usikopi tairi uliyoikuta kwenye gari, hujui mwenye gari wa kwanza aliweka nini na kwa nini.

Hatua ya 2: jua uzito unaokaa nyuma, usikisie

Hapa ndo watu wanapita haraka na hapa ndo pana kazi. Pakia gari kama unavyopakia siku ya kazi, nenda kwenye mizani, yadi nyingi za vyuma chakavu wanazo za kupimia gari ukiongea nao vizuri wanakupimia, uweke tairi za nyuma peke yake juu ya mizani halafu usome. Ukikosa mizani piga hesabu ya mifuko.

Tuseme pikapu yako ikiwa tupu nyuma ina kilo 850. Umepakia saruji pale Wazo mifuko 20, mfuko kilo 50, hiyo ni kilo 1,000. Bodi ya pikapu imekaa juu ya ekseli ya nyuma kwa hiyo karibu mzigo wote unaangukia huko, weka kilo 950. Jumla 1,800, gawa kwa tairi mbili, kila moja ina kilo 900 na hapo gari imesimama. Ukikata kona tairi ya nje inabeba zaidi, ukiingia shimo inapigwa zaidi, na mzigo ukiegemea upande mmoja ndo kabisa. Mimi nataka niwe na nafasi ya asilimia 15 mpaka 20 juu ya hiyo hesabu, kwa hiyo hapa natafuta tairi ya kilo 1,035 kwenda mbele.

Na wale wanaopakia mpaka mifuko 30 kwenye gari kama hiyohiyo, kila tairi inaenda kilo 1,100 na zaidi. Hapo hata ukinunua tairi ya lori haikusaidii, umeshapita ekseli, beringi na breki. Tairi kubwa haiongezi uwezo wa gari, na kuongeza pleti za springi nako hakuongezi, gari inaacha kukaa chini tu.

Hatua ya 3: soma namba ya uzito ubavuni

Baada ya saizi kuna namba ya tarakimu mbili au tatu na herufi, mfano 112S au 110/108Q. Hiyo namba siyo kilo zenyewe, ni alama (code) inayosimama badala ya kilo, na hizi ndo ninazokutana nazo kila siku kwenye pikapu:

104 ni kilo 900
106 ni kilo 950
108 ni kilo 1,000
110 ni kilo 1,060
112 ni kilo 1,120
116 ni kilo 1,250
118 ni kilo 1,320
120 ni kilo 1,400
121 ni kilo 1,450

Hizo ni kwa tairi moja siyo pea. Ukiona mbili zimekatwa na mkwaju kama 110/108, ya kwanza ni tairi ikikaa moja moja, ya pili ni zikifungwa mbili mbili nyuma kama kwenye Canter. Pikapu yako ina moja moja basi unasoma ya kwanza. Herufi ya mwisho ni spidi, L ni 120 kwa saa, N 140, Q 160, S 180, kwa gari ya mizigo hiyo haitakusumbua sana.

Rudi kwenye saruji yetu: 104 inabeba kilo 900 kamili, haina hata kilo moja ya akiba. 110 ina 1,060, hiyo ndo yako, mfano ile 205R16C ya plai 8 (plai ni daraja la ugumu wa tairi, ikiwa kubwa tairi ni ngumu zaidi) wanayofunga kwenye Hilux nyingi.

Hatua ya 4: tofautisha tairi ya kutembelea na ya mzigo

Sasa utauliza mbona ile 265/65R17 ya mteja wangu ilikuwa 112, yaani kilo 1,120, kwa nini ilipasuka? Swali zuri na ndo kiini cha haya yote. Kinachobeba mzigo ni upepo, mpira na waya kazi yake ni kuushika huo upepo usitoke. Ile namba ya uzito ni ahadi ya tairi ikiwa na upepo wake wote. Yeye alikuwa anatembea na psi 28, dereva kashusha ili gari isirukeruke ikiwa tupu, akapakia tailizi bila kurudisha. Kwa 28 ile 1,120 haipo tena.

Tairi ya mzigo ina herufi C mwishoni mwa saizi au LT mwanzoni, ubavu wake mgumu, na inakubali upepo mkubwa. 205R16C ya plai 8 ubavuni imeandikwa mzigo wa juu kilo 1,060 kwa 450 kPa, yaani 65 psi. LT265/65R17 ya plai 10 ipo ya 120/117, kilo 1,400, ila hiyo 1,400 inaipata kwa 80 psi. Ukiifunga hiyo halafu ukaijaza 35 kama ulivyozoea, inabeba pungufu kuliko hata ile ya kawaida uliyoitoa! Watu wengi hawaamini hili. Wananunua tairi ya bei kali, wanaijaza upepo wa zamani, wanarudi kwangu na unga mweusi ndani.

Kama unabeba mzigo kila siku chukua C au LT. Kama pikapu ni ya familia na mzigo ni mara moja moja, ya kawaida yenye namba inayotosha ni sawa, na nakushauri usijiumize mgongo na plai 10.

Hatua ya 5: tarehe, na mtumba wa Japani

Tafuta neno DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ikikosekana upande wa nje angalia upande wa ndani. Mimi tairi ya mzigo ikishapita miaka sita siifungi nyuma, hata kama kashata inang'aa.

Mtumba kuwa makini mno. Gari na tairi zikitoka Japani nyingine zinakuja na tairi za theluji, ubavuni utaona STUDLESS au picha ya mlima wenye alama ya theluji, na kashata ina vichanjo vyembamba vingi kama imepitishwa wembe. Mpira wake laini, umetengenezewa barafu. Lami ya Dar saa nane mchana na mzigo juu, hiyo tairi inachemka. Hata upewe bure, waachie.

Hatua ya 6: rimu na valvu

Valvu ya kawaida ya mpira ya kuchomeka mwisho wake 65 psi. Ukihamia tairi inayotaka zaidi ya hapo weka valvu ya chuma ya kufunga na nati, na uangalie rimu yenyewe inaruhusu upepo gani. Kitu kidogo ila ndo kinachotokaga barabarani. Tairi za ekseli moja ziwe pea, saizi moja, aina moja, namba moja, na spea nayo ifanane nazo, maana siku ya pancha Chalinze utaifunga hiyohiyo na mzigo juu.

Hatua ya 7: upepo

Pima asubuhi gari ikiwa imelala, kabla hujatembea, na geji yako mwenyewe, za vijiweni zinadanganya na ya kwangu pia ipime. Tairi ikipata moto upepo unapanda, ukiupunguza pale umejiibia. Siku ya mzigo jaza kulingana na mzigo, kibati ndo mwongozo wa tairi ya aina ileile iliyokuja na gari, ukibadili aina muulize muuzaji jedwali la mzigo na upepo la kampuni ya hiyo tairi, na usipite kamwe kilichoandikwa ubavuni. Ukishashusha mzigo punguza, tairi ikijaa sana gari tupu inaruka na breki haishiki vizuri, hasa mvua ikinyesha.

Ukitoka kijiweni tembea kilomita 50 mpaka 100 halafu urudie kukaza nati, kwa msalaba, gari ikiwa chini. Usiku wa kwanza ukishapaki pitisha kiganja kwenye kila tairi ya nyuma. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, usiondoke kesho yake mpaka ujue kwa nini.